Pikipiki ya sporti milimani Upare: Fahari au mzigo?

TANGAWIZI ikishachimbwa, ikaoshwa, ikapimwa na mnunuzi akalipa, fedha inayobaki baada ya ada ya shule na deni la dukani huwa na kazi moja kubwa kwa kijana wa Mamba Myamba wilayani Same: kununua pikipiki.

Si pikipiki mbili, ni moja tu. Hiyo hiyo ndiyo itakayomteremsha mjini kutafuta bei, itakayompandisha na mfuko wa mbolea, na itakayompeleka mgonjwa zahanati usiku wa manane. Siku ya ibada, iwe Jumamosi kwa Wasabato au Jumapili kwa Walutheri, ndiyo hiyo itakayomfikisha kanisani mkewe akiwa nyuma.

Mwenye gari na pikipiki akikosea kuchagua kimoja, atatumia kingine. Mkulima mwenye chombo kimoja akikosea hukaa na kosa lake hadi msimu mwingine, na pengine hadi mkopo wa SACCOS uishe.

Kishawishi nacho kipo barabarani kila siku. Barabara kuu itokayo Moshi kwenda Dar es Salaam inapita Same, na juu yake hupita zile pikipiki za sporti: zimeinama mbele, zimevikwa plastiki kuanzia taa hadi mkiani, tairi nene, mlio wa juu. Wakubwa wa jamii hiyo ni kina Yamaha R1, Suzuki GSX-R na Kawasaki Ninja. Wadogo wao ni za cc 150 hivi, kama Yamaha R15, ambazo mtu aliyevuna vizuri anaweza kujikuta anaziulizia bei.

Je, pikipiki ya namna hiyo inaweza kuwa chombo pekee cha mtu wa Upare? Jibu linategemea kama anaishi bondeni au mlimani. Tatizo ni kwamba watu wengi wa Same huwa bondeni na mlimani siku hiyo hiyo moja.

Mji wa Same uko mita zipatazo 860 juu ya usawa wa bahari, mahali pakavu penye upepo. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kina mita 2,462. Katikati ya viwango hivyo viwili ndiko wanakolima watu wa Suji, Chome, Vudee, Mbaga na Mamba. Njia zinazowaunganisha na soko, mathalan ile ya Mwembe–Myamba–Ndungu na ile ya Hedaru–Vunta–Myamba, zina kona kali, udongo mwekundu na mawe.

Mvua ndiyo huamua mengi huko. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huigeuza njia iliyopitika asubuhi kuwa sabuni jioni. Wenyeji hawajasahau Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipoua watu zaidi ya 20 huko Goha, upande wa Mamba Myamba. Ni mlima wa kuheshimiwa.

Hata hivyo, haki itendeke kwanza kwa pikipiki ya sporti, kwa sababu wanaoibeza wengi hawajawahi kuipanda.

Kwenye lami kutoka Same kwenda Mwanga, mwendo wa kilomita kama 50, au kushuka Makanya na Hedaru, pikipiki ya sporti iko nyumbani. Breki zake za diski hukamata mapema kuliko zile za ngoma za pikipiki nyingi za kazi, na baadhi ya zilizotoka miaka ya karibuni zina mfumo wa ABS unaozuia tairi kujifunga. Mwili wake wa plastiki hukata upepo, na upepo wa Same si wa mchezo kwa mtu aliyekaa wima juu ya pikipiki nyepesi wakati basi la Arusha linampita. Tairi zake hushika lami vizuri hata ikilowa.

Kwa hiyo mwalimu anayekaa Same na kufundisha Hedaru, au fundi simu mwenye vibanda viwili vilivyo kando ya lami, asichekwe akiitaka. Mzigo wake ni begi la mgongoni. Kwake R15 ni chombo cha kazi kama kilivyo kingine.

Mambo hubadilika anapoiacha lami na kuanza kupanda.

Pikipiki ya sporti ni mtoto wa uwanja wa mashindano. Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa sporti za leo, ilitengenezwa kwa kuiga pikipiki za mbio za masafa marefu. Uwanja wa mbio hauna jiwe wala tope, na dereva wake habebi kitu. Kila kinachofaa huko kimewekwa. Kila kisichofaa huko kimeondolewa. Keria ni mojawapo ya vilivyoondolewa.

Tuanze na injini. Nguvu ya sporti iko juu, mizunguko inapokuwa mingi. R15 ilipotoka mwaka 2008 ilikuwa na nguvu farasi 17, lakini ilizifikia kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika, na mvuto wake mkubwa ulikuwa kwenye 7,500. Bajaj Boxer ya cc 150 ina nguvu farasi 12 tu, ila mvuto wake mkubwa unapatikana kwenye mizunguko 5,000.

Katika makaratasi ya muuzaji, 17 ni zaidi ya 12 na biashara imekwisha. Kwenye mwinuko wenye kona ya kurudi nyuma, dereva anapokwenda mwendo wa mtu anayetembea, huo mzunguko wa 8,500 haupatikani. Boxer hunguruma chini chini ikapanda. Sporti hudai ipewe mafuta, na ikipewa ghafla kwenye utelezi, tairi la nyuma huzunguka mahali pamoja.

Zile kubwa ndizo zenye taabu zaidi. R1, kwa gia ya kwanza peke yake, inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Maana yake ni kwamba kupanda taratibu kunahitaji klachi ishikiliwe nusu nusu muda wote, na sahani za klachi huungua hivyo hivyo dereva akidhani anaendesha kwa uangalifu. Joto la injini nalo hupanda kwa kukosa upepo wa mwendo, huku rejeta ikiwa mbele kabisa, mahali panaporushiwa mawe na tairi.

Jambo jingine lisilosemwa dukani ni hewa. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Hilo huzipata pikipiki zote sawa, ila yenye mvuto wa chini hubaki na cha kutumia.

Kisha kuna umbo lenyewe. Kishikio cha sporti kiko chini na kimebanwa na plastiki na tangi, hivyo hakikati kona kali. Pale ambapo pikipiki ya kawaida inageuka mara moja, sporti huenda mbele, ikarudishwa nyuma kwa miguu, ikaenda tena mbele, na hilo ni juu ya kilima chenye korongo upande mmoja.

Madigadi ya mbele imekaribiana na tairi kwa upana wa kidole. Udongo mwekundu wa Upare ukilowa hunata kama ugali, ukajaza nafasi hiyo, na tairi la mbele likakataa kuzunguka. Dereva wa Boxer hupata shida hiyo pia siku mbaya, lakini yeye hufungua boliti chache akaitoa madigadi na kuifunga kwenye keria. Kwa sporti kazi hiyo huanza kwa kuvua nguo zake za plastiki.

Chini ya tumbo ni vivyo hivyo. Bomba la moshi na bakuli la oili vya sporti nyingi vimeshushwa karibu na ardhi. Jiwe moja lililochomoza likipasua bakuli la oili, safari imekwisha hapo hapo, na injini nayo ikiwa dereva hakuwahi kuzima.

Lakini kupanda si kitu mbele ya kushuka. Mtu anayetoka Mbaga kuja Same na mzigo hushuka mwendo mrefu akiwa ameinamishwa mbele na sporti yake, uzito wote wa mwili ukiwa kwenye viganja. Baada ya nusu saa vidole vilivyopaswa kuvuta breki taratibu vimekufa ganzi. Anayekaa wima hushuka kwa gia ya pili, akaiacha injini izuie, na breki akazitumia pale tu zinapohitajika. Sporti nayo inaweza kushushwa kwa gia, ila mikono haiponi.

Mzigo wenyewe utawekwa wapi? Kiti cha nyuma cha sporti ni kipande kidogo kilichonyanyuliwa juu, na fremu inayokishika imepimwa kwa uzito wa mtu mmoja mwepesi. Gunia la tangawizi juu yake huivuta pikipiki nyuma na kuifanya ya mbele iwe nyepesi, jambo ambalo kwenye mwinuko ni hatari iliyo wazi. Mafundi wa kuchomelea huweza kutengeneza keria ya kulazimisha, na wapo wanaofanya hivyo. Fremu ya aluminiamu, hata hivyo, haichomewi kwa vifaa vya kila karakana, na ikipata ufa hairudi kuwa ilivyokuwa.

Fedha ndiyo sehemu inayomgusa mkulima zaidi, nayo ina pande mbili: mafuta na spea.

Boxer ikitunzwa huenda kilomita 50 au zaidi kwa lita. Sporti ya cc 600 hukaribia 20 ikiendeshwa kwa adabu. Tuseme mchuuzi huenda kilomita 60 kwa siku, siku 25 za mwezi. Boxer itatumia lita 30 kwa mwezi. Sporti ya cc 600 itatumia 75. Hizo lita 45 za tofauti azizidishe kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha ajiulize ni debe ngapi za tangawizi. R15 haina dhambi hiyo, kwani hukaribia kilomita 40 kwa lita, na kwa upande huo anayeitaka ana hoja.

Ila injini za sporti zimebanwa sana ndani na zinataka petroli safi. Mlimani petroli huuzwa kwa chupa na madumu, na chupa haisemi imetoka wapi. Tangu mwaka 2010 mafuta huwekwa vinasaba ili kuwakamata wanaochanganya petroli na mafuta ya taa, lakini ukaguzi huo huishia vituoni. Kwenye kibanda cha kijijini mnunuzi hutegemea pua yake.

Upande wa spea, historia inasaidia kueleza. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambako watu hubeba mizigo mizito na kuchelewa kubadili oili. Badala ya cheni ndogo ya ndani kuendesha vali, iliwekewa fimbo, kifaa kisicho na makuu. Injini hiyo ilinakiliwa sana China, na pikipiki nyingi za Kichina zilizomiminika Tanzania miaka ya 2000 zilikuwa wajukuu zake. Ndiyo sababu ringi, pistoni, sahani za klachi na kabureta zake vinajulikana na fundi wa kila kijiji, na kama havipo leo vitakuja na basi la kesho.

Boxer na TVS, ambazo si za ukoo huo, zimejijengea sifa kwa njia ile ile: zipo nyingi, kwa hiyo spea zipo. Fundi wa Same akipewa sporti yenye vali 16 na mfumo wa kompyuta wa kuingiza mafuta, ataomba muda. Kioo cha taa au kipande cha plastiki kitatafutwa Dar es Salaam, kama si kuagizwa nje. Na pikipiki milimani huanguka. Ya kazi ikianguka, kishikio hunyooshwa kwa bomba na safari ikaendelea. Kilichovunjika kwenye sporti ni kile kile kilichomfanya mtu ainunue.

Akitaka kuiuza, vilevile, ataona kwamba wanunuzi wa Same ni wachache. Itabidi aipeleke Moshi, Arusha au Dar es Salaam, ambako mnunuzi akishajua kwamba muuzaji ana shida ya ada, bei huteremka yenyewe.

Anayeona Boxer ni ya kizee anayo njia ya kati. Bajaj Pulsar, iliyoanza kuuzwa India mwaka 2001, na TVS Apache iliyoifuata, zina sura ya sporti, breki ya diski mbele na nguvu za kutosha kwenye lami, lakini kishikio chake kiko juu kiasi na mtu hukaa karibu wima. Fundi aliyezoea Boxer haogopi Pulsar. Bado tairi zake ni za barabarani na kiti cha nyuma si cha gunia, hivyo humfaa mtu ambaye siku nyingi yuko lami na mlima huupanda mara moja moja.

Walio juu kabisa, kule ambako njia ni ya mawe mwaka mzima, wamekuwa wakiona kwa miaka mingi jibu jingine likipita mlangoni: Honda XL na Yamaha DT za wauguzi, wachungaji na maafisa ugani. Zina magurudumu makubwa ya waya, shokapu ndefu na tumbo lililo mbali na ardhi. Ubaya wake ni bei, pamoja na urefu wa kiti unaowasumbua wafupi. DT yenye injini ya kuchanganya oili, kwa upande wake, haizuii vizuri wakati wa kushuka hata ikiwa kwenye gia, na dereva aliyetoka kwenye Boxer hulijua hilo akiwa tayari kwenye kona.

Kwa mwenye Boxer au TVS anayelalamika kwamba haipandi, si lazima anunue nyingine. Sproketi ya mbele yenye meno 15 ikibadilishwa kuwa ya 14, mvuto huongezeka kwa karibu asilimia saba, na kasi ya juu kupungua kiasi hicho hicho. Ni kazi ya chini ya saa moja. Kwa mtu ambaye mlimani hapiti kilomita 40 kwa saa, kilichopotea hakitamuuma.

Anayeng'ang'ania sporti, na wapo, asiamue akiwa amesimama dukani kwenye sakafu ya vigae. Aombe ya rafiki au akodi ya siku moja, siku iliyonyesha. Apande nayo hadi anakokaa akiwa na mzigo anaobeba kila wiki, si nusu yake. Njiani aizime, ailaze taratibu, kisha aiinue peke yake, maana R1 ina karibu kilo 200 na Boxer kama 115, na mlimani hakuna wa kuitwa usiku. Aulizie spea tatu kabla ya kuulizia bei ya pikipiki: sahani za klachi, wenzo wa breki na kioo cha taa. Akague pia leseni yake, kwa kuwa daraja la pikipiki ndogo si lile la pikipiki kubwa, na bima iwe ya chombo chenyewe, si stika ya zamani aliyoachiwa na muuzaji.

Mtihani wa mwisho ni wa abiria. Mkewe apande nyuma, mtoto akiwa mgongoni kwa khanga, kofia ngumu kichwani, miguu yote miwili juu ya vikanyagio, maana kukaa upande si salama kwa pikipiki yoyote. Wazunguke mara moja tu kutoka stendi ya Same hadi njia ya vumbi ianzapo. Akiteremka na kusema kwamba hapandi tena, fedha ya malipo ya awali ibaki mfukoni, na muuzaji aonyeshe ile iliyo pembeni yenye keria.